"We won them": kosa lililozaliwa na kitenzi kushinda

Swali limeniletea kijana wa Kisauni, katibu wa timu ya mpira ya mtaani kwao. Nalifupisha bila kulipotosha:

"Shikamoo maalim. Jumapili tulicheza na vijana wa Likoni tukawatia tatu kwa moja. Mimi ndiye huandika matokeo kwa Kiingereza, maana mfadhili wetu Kiswahili hakimwingii. Nikabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: 'We won them 3–1.' Binamu yangu aliyesomea ng'ambo alicheka mpaka akakaa chini, na kosa hakunieleza. Alisema tu, andika 'beat'. Nauliza: 'win' si kushinda? Na 'beat' si kupiga? Sisi hatukumpiga mtu. Nikitaka kuonyesha tuliwaweza kweli kweli, naweza kusema 'thrash'? Na siku tukifungwa sisi, 'they scored us three' ni sawa?"

Marahaba, mwanangu, na hongera. Mabao matatu mbele ya Likoni si haba. Nawajua vijana wa upande ule, hawafungiki kwa urahisi.

Nianze na kicheko cha binamu yako, kwa sababu jibu limo humo. Mwingereza akisikia "win", sikio lake husubiri kitu cha kubebwa: kombe, medali, kiti cha ubunge, kesi, dau, mechi yenyewe. Kinachofuata neno hilo ndicho ulichorudi nacho nyumbani. Wewe ukaandika "We won them". Binamu yako akaona vijana kumi na mmoja wa Likoni wamevushwa kwa feri, wakapitishwa daraja la Nyali, wanaletwa Kisauni kama mbuzi wa bahati nasibu, nanyi mmekaa barazani mnagawana: kipa wangu mimi, yule winga chukua wewe. Ndipo miguu ikamwisha nguvu.

Hata hivyo usione haya. Kosa hili ni la mtu anayekijua Kiswahili barabara, akakipeleka ugenini bila kukibadilisha nguo. Nimelisikia kwa walimu, kwa mawakili, kwa watangazaji wa mpira. Wahispania nao hulifanya, kwa kuwa kitenzi chao "ganar" kina tabia kama ya kwetu.

Tabia yenyewe ni hii. Kushinda kwetu hubeba mizigo miwili bila kulalamika. Tulishinda mechi. Tuliwashinda Likoni. Kitenzi kimoja, na hakuna Mswahili anayechanganyikiwa. Mwingereza mizigo hiyo ameigawa kwa watu wawili. Unachokipata hupewa "win". Unayemwacha chini hupewa "beat". Mwaka 1968 kule Mexico City, katika mbio za mita 1500, Kipchoge Keino alimwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani. Sisi twasema Keino alishinda mbio, Keino alimshinda Ryun. Wao husema "Keino won the race", kisha wakibadilisha wa kutajwa hubadilisha na kitenzi: "Keino beat Ryun". Ukiandika "Keino won Ryun", umemfunga Ryun utepe ukamvisha Keino shingoni badala ya medali ya dhahabu.

Mfano wa nyumbani pia upo. Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa, ilitwaa ligi ya taifa mwaka 1965. "Feisal won the league." Ligi ndiyo iliyokuja pwani. Timu zilizolala njiani hazikuja na mtu. Hizo zilikuwa "beaten".

Sasa nikupe dawa, maana kueleza kosa bila dawa ni kumwambia mtu ana homa halafu ukaenda zako. Kabla hujaandika Kiingereza, tamka kitenzi chako kwa Kiswahili na usikilize katikati yake. Tu-li-shinda: hapo katikati hamna mtu. Tu-li-wa-shinda: ndani mmeingia "wa", na huyo "wa" ni watu. A-li-ni-shinda: "ni" ndimi mwenyewe. Ukisikia mtu amekaa ndani ya kitenzi, kalamu yako iandike "beat". Usiposikia mtu, au ukisikia kitu ulichokipata, andika "win". Mzungumzaji wa Kiingereza hana msaada huu. Kitenzi chake hakina chumba cha katikati cha kumweka mgeni. Wewe unacho tangu ulipokuwa mtoto, na wengi wetu hatujui kuwa tunatembea nacho.

Dawa hii ina mtego mmoja. Ukisema "tuliishinda", hiyo "i" yaweza kuwa timu, na yaweza kuwa mechi, kwa sababu nomino zote mbili zaingia ngeli ile ile. Basi jiulize: huyo "i" anaweza kununa baada ya mchezo? Timu hununa. Mechi hainuni. Anayeweza kununa ni "beat".

Nasema hivyo na huku nikijua wapo wapinzani wasioweza kununa. Maradhi, rekodi, saa, foleni ya Likoni asubuhi: vyote hivi husimama mbele yako kama adui, na Kiingereza huvihesabu kuwa wapinzani. Mtu "beat malaria", hawezi "win malaria", labda iwe imetolewa zawadi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna mwezi Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, hakuwa na mpinzani hata mmoja barabarani. Waliokuwa pamoja naye walikuwa wa kumkingia upepo, wakipokezana. Alichokishinda yeye ni muda. Hapo ndipo "beat" inapokaa bila hata binadamu wa kupigwa: "he beat two hours". Usiandike kwamba alishinda mashindano siku ile, maana hayakuwa mashindano, na ndiyo sababu muda ule haukuingizwa kuwa rekodi rasmi ya dunia.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: ndiyo, "win" ni kushinda. "Beat" pia ni kushinda. Ungeweza hata kuandika "We won against them 3–1" na usichekwe na mtu, kwa sababu hapo umeweka ukuta kati ya "win" na "them". Sarufi ni safi. Ladha ndiyo haba. Anayeandika matokeo ya mpira kila wiki hataki neno la ziada, atasema "We beat them 3–1" akaendelea na mambo yake.

Na watu huweza kufuata "win" katika njia moja ambayo yafaa uijue. "To win someone over" ni kumvuta mtu aje upande wako, yule aliyekuwa hakukubali. Kijana aliyepata moyo wa msichana "won her heart". Tazama, hata hapo kilichobebwa ni moyo. Mwanasiasa akisema "we won them over" ana maana wale wapigakura sasa ni wake. Neno lile dogo mwishoni limebadilisha kila kitu. Ungeliongeza wewe kwenye karatasi yako, mfadhili angedhani vijana wa Likoni wamehamia timu yenu.

Tuje kwenye kupiga. Umeuliza kwa mshangao kana kwamba Waingereza wametukana, lakini hebu sikiliza barazani kwenu siku ya Jumatatu. "Tumewapiga tatu." "Wamechapwa." "Wametandikwa." Nani alimpiga nani? Ukifungua ukurasa wa michezo wa gazeti lolote la Kiswahili utakuta timu zinalazwa, zinacharazwa, zinakung'utwa, zinapepetwa. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu limetoka kwenye ungo. Mama anapepeta mchele, makapi yanapeperuka. Mwandishi akaona mabeki wanavyopeperuka, akalichukua neno.

Mwingereza naye alikwenda shambani. "Thrash" lenyewe ni ndugu wa "thresh", kupura nafaka: yale mapigo ya kutenganisha punje na suke. Kwa hiyo wao hupura na sisi hupepeta. Kwa utaratibu wa shamba sisi tunawafuata nyuma kwa hatua moja, lakini mpunga ni ule ule.

Kuna jingine, "drub", ambalo wewe huenda umelipita gazetini bila kulisalimu. Timu iliyofungwa vibaya huambiwa imepata "drubbing". Neno hili liliingia Kiingereza katika karne ya 17, na mwanzo lilihusu adhabu ya bakora katika nchi za Mashariki. Kamusi kubwa za Kiingereza zinasema huenda limetokana na Kiarabu, mzizi wa kupiga, "daraba". Sasa tamka dharuba. Pigo, kipigo kikubwa. Ni mzizi ule ule, uliopanda jahazi mbili: moja ikatia nanga kwetu, moja ikenda Uingereza ikaishia kwenye kurasa za michezo. Siku nilipolitambua hilo nilimweleza mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye kahawa Kibokoni. Akaniuliza kama na wao hulipia kikombe cha pili.

Basi je, uandike "thrash"? Kwa tatu kwa moja, hapana. Hapa nasema kwa ukali kidogo, kwa sababu naona waandishi wetu wengi wakila sukari yote siku ya kwanza. Maneno haya yana uzani. Ujerumani ilipoifunga Brazil 7–1 nyumbani kwao Belo Horizonte, tarehe 8 Julai 2014, hapo "thrashed" ilikuwa haki yake, na "hammered", na "humiliated", na lolote ulilonalo kabatini. Ukilitumia kwa 3–1 utasema nini siku ya saba? Tatu kwa moja ni "beat", na ukitaka kuonyesha mlicheza bila jasho la hofu ongeza "comfortably". Mkishinda kwa bao moja la dakika za mwisho, roho zikiwa mkononi, neno ni "edge": "We edged them 2–1." Mkiwa wanyonge mkamwangusha bingwa, "we upset them". Mkishinda mechi zote za mfululizo bila kuachia hata moja, "whitewash", neno ambalo mtu wa Mji wa Kale atalielewa upesi, ni kupaka chokaa ukuta mzima usibaki doa.

"Trounce" ni kama "thrash", limevaa koti tu. "Rout" lilikuwa la vitani, jeshi linapovunjika safu na kila askari akakimbia kivyake. Kwa mpira lihifadhi mpaka uone mabeki wanakimbia hivyo. Na kwa kukuchekesha: Kiingereza kina kitenzi "to best" na kina kitenzi "to worst", na vyote viwili maana yake ni kumshinda mtu. Ukitaka kumlipa binamu yako kicheko chake, mwulize hilo.

Kuna hatari mbili katika "beat" ambazo lazima nikuonye, na zote zimewahi kuwaaibisha watu wazima.

Ya kwanza ni kuiongezea "up". "We beat them" ni mpira. "We beat them up" ni ngumi, mateke, na gari la polisi. Vijana huongeza neno lile kwa kudhani linatia nguvu. Linatia, lakini si nguvu unayoitaka. Mfadhili akisoma hivyo atapiga simu kuuliza kama kuna aliyelazwa.

Ya pili ni ya sikio. Kiswahili kina irabu tano, basi. Kiingereza kinatofautisha "i" ndefu na "i" fupi, na masikio yetu huzitia kapu moja. Ndipo kwenye makundi ya simu nakutana na "We bit them 2–0". "Bit" ni wakati uliopita wa kuuma. Mmewauma! Ukitaka usisahau maisha yako yote, kumbuka mechi moja tu, mjini Natal, Brazil, tarehe 24 Juni 2014. Siku hiyo Uruguay iliifunga Italia bao moja kwa bila, na katika mchezo huo huo Luis Suárez akamuuma Giorgio Chiellini begani. Kwa Kiingereza: "Uruguay beat Italy and Suárez bit Chiellini." Vyote viwili vilitokea. Kimoja kilileta ushindi, kingine kikaleta adhabu ya mechi tisa za kimataifa.

Na kwa kuwa tumo humo: "beat" haibadiliki kwa wakati uliopita. Leo "we beat them", jana "we beat them". Hakuna "beated", hata kama umeisikia redioni. Mtendwa ndiye huongezewa mkia: "they were beaten".

"Defeat" hukuiuliza, lakini utakutana nayo na yafaa ujue mahali pa kuiweka. Ni ndugu yake "beat" aliyesoma. Maana ni moja, mavazi ni mengine. Vitani, uchaguzini, kwenye vitabu vya historia, huyu ndiye huitwa. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1696 hadi ilipoanguka mwezi Desemba 1698, mwandishi wa historia atasema "the Omanis defeated the Portuguese". Ngome yenyewe hawakui-"defeat". Ngome "they captured". Ona tena ugawaji ule ule: adui ana kitenzi chake, na kilichochukuliwa kina chake. Ukiandika "beat the Portuguese" si kosa, ila utawafanya Waomani waonekane kama waliwashinda kwa penalti.

Asili ya neno inapendeza. Limepitia Kifaransa cha zamani, na lilikuwa na maana ya kutengua, kuvunja kilichotendwa. Sisi tunalijua hilo kwa mkia wetu wa "-ua": funga, fungua, tega, tegua. Mtu aliye "defeated" ametenguliwa. Ndiyo maana mpaka leo husemwa jambo fulani "defeats the purpose", yaani latengua kusudi lake lenyewe, kama kununua feni kisha ukaizima kuogopa bili ya stima.

Jingine kuhusu "defeat" ni kwamba yaweza kuwa nomino, na hapo ndipo niliponaswa mimi. Zamani, nikiwa kijana wa kutafsiri habari za michezo kwa malipo ya ukurasa, nililetewa kichwa cha habari chenye maneno "Arsenal's defeat". Nikaona jina la Arsenal limetangulia, nikadhani wao ndio watendaji. Nikawapa ushindi. Kesho yake simu hazikukatika. "Arsenal's defeat" ni kushindwa kwa Arsenal. Ingekuwa "Arsenal's defeat of Chelsea", hapo mambo yamegeuka, Arsenal ndio walioshinda. Neno dogo "of" likiwapo, aliyetangulia ni mshindi; lisipokuwapo, aliyetangulia amelia. Mhariri hakunifukuza. Alinipa kazi ya kutafsiri matangazo ya mazishi kwa mwezi mzima.

Sasa siku ya kufungwa, maana itafika. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na katibu wa timu lazima awe na wino wa siku hizo pia.

"They scored us three" si sawa, na kwa mara nyingine ni Kiswahili kilichovaa kofia. Kufunga kwetu huchukua bao na huchukua timu: walifunga mabao matatu, walitufunga matatu. Tena huchukua mlango, ndoa na mwezi wa Ramadhani, lakini hayo tuyaache. "Score" ya Kiingereza huchukua bao tu. Timu iliyofungwa haiwezi kuifuata mguu kwa mguu, lazima pawe na "against": "They scored three against us." Kwa ufupi zaidi, na ndivyo wasemavyo wenyewe, "We lost 3–0." Ukitaka kumtaja aliyewafunga, ongeza "to": "We lost to them 3–0." Usiandike "we lost them". Hiyo ina maana mlikuwa nao mkawapoteza, kama watoto sokoni Kongowea.

Hapo hapo pana mtego wa kushindwa. Kwetu, kushindwa ni kupoteza mechi na pia ni kutoweza. Nimeshindwa kufungua mlango. Kazi imenishinda. Mara ngapi nimesoma barua ya mtu mzima, mwenye shahada, inayosema "I was defeated to attend the meeting"? Kwa Kiingereza hiyo yatoa picha ya mkutano uliompiga mtu mlangoni. Sema "I couldn't attend", basi. Lakini, na hili ndilo linalonifanya niipende lugha, kuna mahali pamoja ambapo wao na sisi tumekutana bila kupangana. Mtu akiulizwa jambo asilolijua, Mwingereza hujibu "Beats me!" Nasi twasema, "Hilo limenishinda." Picha moja: swali limekuja, tumepigana nalo, limetulaza.

Na wamekutana nasi katika sifa pia. Kushinda kwetu hutumika kulinganisha: huyu ni mrefu kumshinda yule. Hilo usilitafsiri neno kwa neno, sema "taller than". Ila ukitaka kusema hakuna kishindacho mahamri na mbaazi za asubuhi, andika bila wasiwasi "Nothing beats mahamri and mbaazi", na mfadhili wako akibisha mlete Mombasa.

Madogo yaliyobaki nayamaliza haraka. Matokeo hayahitaji "with": si "we won with 3–1", ni "we won 3–1". Ile "kwa" yetu ndiyo inayotuponza. Tofauti ya mabao hutajwa kwa "by": "We won by two goals." Kriketi nayo hufuata njia hiyo. Kenya ilipoiduwaza Sri Lanka mjini Nairobi katika Kombe la Dunia, mwezi Februari 2003, iliandikwa "Kenya beat Sri Lanka by 53 runs". Mkitoka sare, "we drew 1–1", na "drawed" haipo duniani. Wapinzani wasipofika uwanjani mkapewa pointi za mezani, "we won by walkover", wala usiandike "we beat them", kwa sababu hukuwaona hata kwa macho.

Tukirudi kwenye matokeo ya Jumapili, mimi ningeyaandika hivi: "We beat Likoni 3–1 on Sunday. They scored first, but we replied with three." Kama wao hawakutangulia kufunga, futa sentensi ya pili, usimdanganye mfadhili kwa kunogesha. Na ile karatasi, kama bado iko ukutani, usiichane. Kata "won" kwa mstari mmoja, juu yake andika "beat", na hiyo "ea" isigeuke "i" njiani, vijana wa Likoni wasije wakadai chanjo ya kichaa cha mbwa.